Sura ya Sita: Mashine Isiyochelewa

Singeli ikikimbia mapigo 300 kwa dakika, pigo moja lina milisekunde 200 tu. Ligawe mara nne, kama prodyuza anavyofanya anapopanga midundo midogo ndani ya ule mkubwa, unabaki na milisekunde 50. Huo ndio muda alionao MC kutamka silabi moja kabla nyingine haijamfika kooni. Sasa msimamishe mbele ya maiki, mvishe hedifoni, umrudishie sauti yake kupitia kompyuta iliyopangwa ovyo: bafa ya sampuli 1,024, kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde. Sauti itachukua milisekunde 23 kuingia na 23 nyingine kutoka. Jumla 46. Silabi aliyokwisha kuitamka inamfikia sikioni wakati anatamka inayofuata. Atajikwaa, atarudia, atajikwaa tena, na mwisho atasema biti mbovu.

Kwenye bongo fleva ya mapigo 90 uchelewaji huohuo unakera, lakini msanii anaweza kuuvumilia, kwa sababu robo ya pigo inafika milisekunde 167. Ndiyo maana kuna mashine Sinza zinazosifiwa kwa kurekodi nyimbo za mapenzi, halafu zikihamia Mbagala kwenye singeli zinaonekana hazifai kitu. Mashine ni ileile, muziki ndio uliobadilika.

Anayetaka kununua kompyuta ya studio ya nyumbani huuliza ina nguvu kiasi gani. Fundi anayejua kazi huuliza mambo mawili: inachelewa kiasi gani, na je, uchelewaji huo haubadiliki ikishinda kutwa nzima ndani ya chumba cha bati? Sura hii inahusu maswali hayo mawili.

Kwa miaka mingi mwanamuziki wa Tanzania hakuhitaji kujua bafa ni mdudu gani. Bendi ilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, barabara ya Pugu, ambayo leo inaitwa ya Nyerere. Vyombo vikapangwa, fundi mitambo akafungulia utepe, na watu wote wakapiga kwa pamoja mpaka wimbo ukaisha. NUTA Jazz, Mlimani Park, Maquis, wote walipita njia hiyo. Anayekosea tarumbeta anawarudisha wenzake wote mwanzo. Kompyuta nayo ilitazamwa kwa jicho la shaka: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, baada ya mfumo wa hesabu wa Wizara ya Fedha kuleta vurugu na hasara. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa kidogokidogo miaka ya 1980. Wakati huohuo, mwaka 1985, kampuni ya Atari ilikuwa inauza Ulaya na Marekani kompyuta ya nyumbani, Atari ST, iliyotoka kiwandani na matundu yake ya MIDI ya kuunganishia vinanda. Vijana wa huko walianza kuzoea kutengenezea muziki chumbani wakati huku kumiliki kompyuta bado lilikuwa jambo la kuombea kibali.

Uswahilini hawakukaa kusubiri. Mchiriku ulijengwa juu ya kinanda kidogo cha Casio, cha aina anayonunuliwa mtoto, kilichochomekwa kwenye amplifaya iliyochoka na kutokea kwenye spika za honi. Pasipo umeme, betri ya gari ilimaliza kazi. Jagwa Music wa Mwananyamala waliufikisha mlio huo Ulaya, na mwaka 2012 lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu yao, Bongo Hotheads. Katika mchiriku huohuo, ukichanganya na vipande vya taarabu vilivyokatwa, vikazungushwa na kukimbizwa, ndimo ilimotoka singeli. Na singeli ikahamia kwenye kompyuta.

Studio ya Sisso ya Mburahati ndiyo inayojulikana zaidi nje ya nchi, kwa sababu mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi zilizotoka humo na kuzitoa kwa jina la Sounds of Sisso. Mwaka 2022 ikafuata Sounds of Pamoja, kutoka Pamoja Records. Wasikilizaji wa Berlin na London walishangaa muziki wa kasi hiyo umetoka wapi. Jibu ni vyumba vya kawaida, mashine za kawaida, na programu zilezile zinazotumiwa na wanafunzi: FL Studio, Cubase, hata Virtual DJ, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya madijei. FL Studio nayo asili yake Ubelgiji. Kampuni ya Image-Line iliitoa mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops. Nchi ndogo ile imechangia muziki wa uswahilini kuliko inavyojua yenyewe.

Nina maoni yangu kuhusu jambo hili, na si kila prodyuza atakubaliana nami. Singeli iliweza kuzaliwa kwenye mashine dhaifu kwa sababu haiitwishi kompyuta mzigo mkubwa. Kipande cha kinanda kinachozunguka, ngoma chache, sauti za kuchezea, halafu maiki moja. Bendi ya dansi yenye magitaa matatu, tarumbeta, tumba na waimbaji wanne inahitaji kurekodiwa njia nane au zaidi kwa wakati mmoja, na hapo mashine ya chumbani inapiga magoti. Singeli inaiomba kompyuta kitu kimoja tu, lakini inakiomba bila huruma: isichelewe.

Sasa twende dukani. Kompyuta nyingi za studio za geto hazikuzaliwa kuwa za studio. Zilianza maisha kwenye meza za benki, shule na ofisi za Ulaya, Marekani au Dubai, zikastaafishwa, zikaingia kwenye kontena, zikatua Kariakoo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Sioni aibu yoyote kwa hilo. Mashine ya ofisi imetengenezwa ifanye kazi miaka bila kelele nyingi, na kasha lake hufunguka bila bisibisi. Tuichukue OptiPlex 7020 ya mwaka 2014, yenye prosesa ya Core i5-4590: viini vinne, gigahezi 3.3, ramu ya DDR3. Kwa biti na sauti za kuimba inatosha na kubaki.

Muuzaji ataiwasha, ataonyesha Windows imefunguka, atasema, "Kaka, i5 hii, inapiga kazi." Mwombe aizime, afungue kava.

Ndani utaanza kukuta vumbi la kijivu lililoshonana kwenye mapezi ya kipooza joto. Hilo si tatizo, linapulizwa. Angalia mazabodi, kapasita zisiwe zimevimba vichwani. Angalia pawa saplai, na hapa ndipo wengi wanapoumia baadaye. OptiPlex za kizazi hicho hazitumii waya wa kawaida wa pini 24 unaoingia kwenye mazabodi. Zinatumia wa pini nane wa Dell wenyewe. Pawa saplai ikiungua kwa sababu ya umeme wa mtaani, hutaweza kuchukua yoyote ya dukani ukachomeka. Utatafuta ya Dell iliyotumika, au kiunganishi cha kubadilisha pini. Ulizia bei ya pawa saplai ya akiba kabla hujalipia mashine yenyewe. Muuzaji akikuambia hiyo haiungui, mshukuru kwa ukarimu wake, halafu ulizia duka la jirani.

Kuna kitu kingine humo ndani, cha mviringo, cha fedha, kidogo kuliko sarafu ya shilingi mia mbili, ambacho hakuna anayekijali: betri ya CR2032 ya volti tatu. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya kompyuta wakati umeme haupo. Mashine iliyokaa miaka ghalani mara nyingi betri hiyo imekufa. Kwenye ofisi yenye umeme wa kudumu usingejua. Mbagala, kila umeme ukikatika, kompyuta itaamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa, itakusimamisha kwenye skrini nyeusi ikikudai ubonyeze F1, na faili zako za siku hiyo zitapewa tarehe ya miaka iliyopita. Siku ukitafuta toleo la mwisho la wimbo wa mteja utapata matoleo manne na hutajua lipi ni lipi. Betri yenyewe ni bei ya soda. Ibadilishe siku hiyohiyo.

Kuhusu ramu, gigabaiti nane ndiyo mwanzo, na vipande viwili vya nne ni bora kuliko kimoja cha nane, maana mashine hizi huvisoma viwili kwa pamoja. Anayepakia maktaba kubwa za sauti za piano na fidla aende 16. Zaidi ya hapo ni mbwembwe.

Diski inazungumzwa sana kuliko inavyostahili. Sauti ya njia moja, biti 24, sampuli 44,100, inakula megabaiti kama nane kwa dakika. Hata diski ya zamani inayozunguka inaimudu njia kumi na sita bila kutoa jasho. Tatizo lake ni mlio. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, na mtikisiko huo unapita kwenye kasha, unaingia mezani, unapanda kwenye stendi ya maiki, unakaa ndani ya sauti ya mwimbaji pale kwenye hezi 120. SSD haizunguki, haiimbi, na haivunjiki bodaboda ikiruka tuta. Nunua SSD kwa ajili ya ukimya. Kasi utaipata kama nyongeza. Kama diski ni ya mtumba, ifungue kwa programu ya CrystalDiskInfo usome imefanya kazi saa ngapi na kama ina sehemu zilizokwisha kuharibika. Saa 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu ya kuwaka bila kupumzika.

Windows ni mjadala wa kipekee. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Kwa hiyo i5-4590 yetu imeachwa kituoni. Wapo wanaolazimisha kwa njia za panya. Mimi napendelea mashine ya kurekodia isiunganishwe intaneti kabisa. Haihitaji. Ukitaka kupakia wimbo YouTube au kuutuma WhatsApp, simu ipo. Na kuzima Wi-Fi kuna faida nyingine ambayo tutaiona punde.

Bafa ni kama daladala ya Mbagala: haiondoki kituoni mpaka ijae. Gari likiwa kubwa, sampuli ya kwanza kupanda inasubiri sana. Likiwa dogo linajaa upesi na kuondoka upesi, ila dereva analazimika kwenda safari nyingi zaidi. Bafa ya sampuli 1,024 inaondoka mara 43 kwa sekunde. Ya 128 inaondoka mara 344, na kila safari prosesa ina milisekunde 2.9 tu za kumaliza hesabu zote. Ikichelewa hata safari moja, spika inatoa mkwaruzo.

Kinachomchelewesha dereva mara nyingi si uzito wa biti. Ni vijitu vingine ndani ya kompyuta vinavyodai vihudumiwe kwanza: kadi ya Wi-Fi inayotafuta mtandao, mfumo wa kuokoa umeme unaoipunguza prosesa kasi halafu kuipandisha, kiendeshi kibovu cha kadi ya picha. Ipo programu ya bure iitwayo LatencyMon inayowakamata wahusika hao kwa majina. Iwashe, iache nusu saa huku mashine ikicheza muziki, kisha soma. Ikikuonyesha kiendeshi cha Wi-Fi, kizime urudie. Badilisha mpango wa umeme wa Windows uende kwenye utendaji wa juu, urudie tena. Nimeona kompyuta iliyoandikwa i7 ikishindwa mtihani huu na i5 ya zamani ikafaulu, kwa sababu ya hivi viendeshi.

Halafu inakuja saundi kadi ya nje, lile sanduku dogo la USB linalopokea maiki. Usirekodi kwa tundu la maiki la kompyuta, hata kama mtaani wapo wanaofanya hivyo. Maiki za kondensa zinadai volti 48, na tundu lile halina. Saundi kadi za bei nafuu za Behringer na zile za Focusrite zinatoa volti hizo, na zina kitufe cha kumrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja bila kupitia kompyuta, kwa hiyo uchelewaji unakuwa kama haupo. Mtu atauliza: basi hesabu zote za mwanzo wa sura zilikuwa za nini? Zilikuwa za mteja. Msanii wa leo hataki kujisikia mkavu. Anataka kujisikia akiwa na mwangwi, na autotune ikiwa imemshika, la sivyo hapandishi. Na mambo hayo yanatengenezwa ndani ya kompyuta.

Kwa hiyo lazima upime safari nzima. Namna yake ni hii. Chukua waya wa jeki, toa sauti kwenye tundu la kutokea la saundi kadi uirudishe kwenye tundu la kuingilia. Zima spika, na zima njia ya kurudisha sauti, vinginevyo italia mpaka majirani waje. Kwenye programu weka mlio mmoja mkavu, kofi la rimshoti linafaa, kwenye njia ya kwanza. Zima ile fidia ya uchelewaji ambayo programu hujiwekea yenyewe. Rekodi njia ya pili huku ya kwanza ikicheza. Sasa vuta picha ya wimbi mpaka uone sampuli mojamoja, uhesabu kutoka mwanzo wa kofi la kwanza hadi mwanzo wa la pili. Ukikuta sampuli 441, mashine yako inachelewa milisekunde kumi kamili kwa kwenda na kurudi. Kwa bafa ya 128 hilo ni jibu zuri. Bafa yenyewe kwenda na kurudi ni kama sita, zinazobaki ni za USB na za vigeuzi vya saundi kadi.

Rudisha fidia, urudie kipimo. Sasa makofi mawili yanapaswa kukaa pamoja. Yakipishana, sauti zote utakazorekodi kwenye mashine hiyo zitakaa nyuma ya biti kwa kiasi hichohicho, na utabaki ukiwalaumu wasanii kwamba hawana taimingi. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: acha mashine ifanye kazi saa nzima, upime upya. Namba ikiwa ileile, unaweza kuanza kupokea watu. Ikibadilika kila ukipima, rudi kwa LatencyMon, badilisha tundu la USB, toka matundu ya mbele uende ya nyuma yaliyochomelewa kwenye mazabodi yenyewe, na uondoe kigawanyio kama kipo.

Vipimo hivyo vyote vinafanyika umeme ukiwa mzuri. Tuuzungumzie usipokuwa mzuri.

Umeme wa TANESCO ni volti 230, hezi 50. Hezi 50 ni mlio unaosikika, mzito, na unakaa palepale kigoma kizito cha singeli kinapokaa. Ndiyo sababu prodyuza wa singeli anaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kujua kwamba chumba chake kina mvumo: biti haitulii hata nusu sekunde ili ausikie. Siku anakuja kikundi cha kaswida, au mama wa taarabu anayependa kuvuta pumzi kabla ya ubeti, mvumo unajitokeza wazi. Kwa hiyo pima kimya. Chomeka maiki, weka sauti kwenye kiwango unachorekodia, usiseme neno, rekodi dakika moja, halafu ipandishe usikilize.

Mvumo ukiwepo, gusa kasha la kompyuta kwa nyuma ya vidole ukiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji. Ukihisi kitetemeko chepesi, nyumba haina ethi, au inayo kwenye karatasi tu. Pawa saplai zina kapasita za kuchuja umeme zinazomwaga mabaki yake kwenye waya wa ethi. Waya huo usipofika ardhini, mabaki hubaki kwenye bati la kasha, na kutoka hapo yanapanda kwenye waya wa USB hadi kwenye maiki. Dawa yake ni fundi umeme, nguzo ya shaba ardhini na waya mzima hadi soketini. Dawa isiyofaa, na inayotumika kila kona, ni kuvunja pini ya juu ya plagi ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Hapo umeua mvumo siku moja, na siku nyingine unaweza kumuua aliyeshika maiki. Anayetumia laptopu ana kipimo rahisi zaidi: achomoe chaja. Mvumo ukikatika, ameshajua unakotoka. Na waya za kwenda kwenye spika ziwe zile za nyuzi tatu, zinazofuta kelele zilizookotwa njiani.

Kukatika kwa umeme kunatibika kwa UPS. Ya VA 650 itaibeba OptiPlex na skrini yake dakika kumi na kitu kama betri bado mpya, muda wa kutosha kumaliza ubeti, kuhifadhi na kuzima kistaarabu. Angalizo moja: UPS za bei ya chini zikiwa kwenye betri hutoa umeme wa wimbi lililokatwakatwa, na saundi kadi nyingine huupokea kama mlio wa nyuki. Ipime nayo. Chomoa UPS ukutani kusudi, rekodi kimya, sikiliza.

Sasa joto. Kipimo chochote kilichofanyika saa tatu usiku kwenye duka lenye kiyoyozi hakina maana Chamazi. Panga kipimo chako saa nane mchana, mwezi wa pili, chini ya bati lisilo na dari, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu nje kuna mtu anauza ndizi kwa kipaza sauti. Feni ya mezani imezimwa, maana maiki inaisikia. Humo ndani mko watatu, prodyuza, msanii na rafiki wa msanii ambaye hakualikwa. Fungua HWiNFO uone joto la prosesa, fungua mradi wako mzito kuliko yote, uache uzunguke saa nzima. Prosesa nyingi za Intel za aina hii hujipunguzia kasi zenyewe zikikaribia nyuzi 100, na zikijipunguza, safari za bafa zinachelewa, na mikwaruzo inaanza pale msanii alipoanza kushika moto. Ukiona imevuka 90, simama. Safisha vumbi, ng'oa kipooza joto, futa ile grisi iliyokauka, paka mpya ya saizi ya punje ya mchele, urudie. Mara nyingi hicho ndicho kilichokuwa kikikosekana.

Njia nzuri zaidi ni kuitoa kompyuta nje ya chumba cha kuimbia. Waya wa USB 2.0 unaruhusiwa kufika mita tano. Toboa ukuta, pitisha waya, acha mashine ipige feni zake sebuleni kwa raha zake. Hapohapo niseme kuhusu trei za mayai, ambazo bado zinabandikwa ukutani kuanzia Tandika hadi Bunju: hazizuii kelele. Ni karatasi. Zinatawanya kidogo milio ya juu, na bodaboda anapita vilevile. Godoro lililosimamishwa ukutani nyuma ya mwimbaji linafanya kazi zaidi ya trei mia. Mvua ikipiga bati, hakuna godoro wala kompyuta, kunyweni chai.

Imebaki programu. FL Studio nyingi za mtaani ni za krak, na kila mtu anajua. Nitasema machache. Prodyuza anayelalamika kwamba nyimbo zake zinaibwa, na anayetaka COSOTA imtetee kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, ana kazi ya kujieleza mbele ya skrini yake mwenyewe. Lakini hata ukiiacha haki pembeni, krak ni tatizo la kiufundi. Nyingi zinakuja na abiria, vijiprogramu vinavyotumia prosesa yako kwa faida ya mtu usiyemjua, na abiria hao ndio wanaochelewesha bafa. Unatumia wiki kutafuta mkwaruzo uliouleta mwenyewe kwa flashi. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu ikiwa kamili, na leseni yake ya punguzo ni dola 60. LMMS na Audacity ni za bure. FL Studio ukiinunua mara moja unapata matoleo yote yajayo bila kulipa tena, na ukiigawa bei hiyo kwa miaka utakayoitumia inakuwa ndogo kuliko vocha.

Mashine ikishafaulu yote, na kabla mteja wa kwanza hajapiga hodi, chukua diski ya nje unakili mfumo mzima kama ulivyo: Windows, viendeshi, programu, mipangilio. Iandike namba ya sampuli uliyoipata kwenye kipimo cha waya, pamoja na tarehe, uibandike juu ya kasha. Siku mashine ikianza kusumbua utapima tena na kujua kama imebadilika yenyewe au ni wewe uliyebadilisha kitu. Na mteja atakuja na flashi yenye biti, iliyopita internet cafe tatu na stationery mbili. Usiichomeke hapo. Tafuta laptopu chakavu isiyo na kitu cha kupoteza, ikae mlangoni, kazi yake iwe moja tu: kuzikagua flashi za wageni.